Usikanyage Mchanga

Bi Zamzam alikataa kofia ya jua niliyomnunulia langoni.
"Timbo hili nimelijua halina hata jani," akasema.
"Leo ndo niliogope lina kivuli?"

Tiketi mbili. Yake nusu bei, kwa umri,
na bado chenji aliihesabu mara mbili.

Tukapita chini ya mivinje.
Njia nzima imetandikwa sindano zake,
laini kama mkeka uliokwisha kulaliwa.
Watoto wa madrasa wamepangwa wawili wawili,
ustadhi wao kawapa mgongo, anapiga picha bata.
Bi Zamzam alikuwa akitafuta kitu kwa macho:
hapa palikuwa na mashine ya kusaga,
pale vibarua walikaa saa nne, mbaazi na mahamri,
na kule, penye bwawa la kambare,
ndiko Kombo wake alikotokea jioni
mweupe hadi kope.
"Ukimbusu," akanambia, "walamba saruji."
Sikujua nicheke au nitazame chini.

Ng'ambo ya bwawa, kibao: BUSTANI YA KIJAPANI.
Kidaraja chekundu kama mdomo wenye tambuu;
chini yake hapapiti mto, kokoto tupu.
"Wajenzi hawa walisahau maji?"
"Maji ndiyo haya mawe, shangazi. Uyawaze."
"Ya mfereji nayawaza mwaka wa arobaini huu,
na hayaji vivyo hivyo."

Ndani ya chungu, mvinje usiopita goti.
Karatasi yasema una miaka kumi na mitatu.
Akauinamia kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa:
"Umekosa nini, mwanangu, hata ukafungwa waya?"

Kisha mchanga.

Mweupe, wa matumbawe yaliyosagwa,
umechorwa mawimbi yanayozunguka mawe matatu,
na kibao kingine, chekundu: USIKANYAGE.
Katikati, kunguru.
Anakwenda kwa mwendo wa karani wa forodha,
mikono nyuma,
nyayo zake zikikata wimbi baada ya wimbi.
Ngowa, mwenye reki, akatoka mbio na kandambili moja.
"Hawa hawakupita skuli!" akatwambia, akihema.
"Nachora alfajiri, saa tatu haifiki
kimeshaandikwa kitabu kizima cha kunguru."

Bi Zamzam akanyosha mkono.
Si kwangu. Kwa reki.
Ngowa akanitazama; nikainua mabega.

Akavua viatu.
Akaanzia kwenye jiwe la ndani, akija kinyumenyume,
kiuno kimekunjika pale pale kilipozoea kukunjika,
mkwaruzo mmoja, hatua moja,
mguu wake usiiguse alama yake mwenyewe,
vile alivyofagia uwanja wa Kisauni
kwa njukuti, kabla kuku hawajafunguliwa,
ili Kombo akirudi zamu ya usiku
awe wa kwanza kuweka mguu.

Watoto wa madrasa walikuwa wamefika, kimya.
Hata ustadhi aliishusha simu.

"Kumbe ni hii tu," akasema, akimrudishia Ngowa reki.
"Sisi twaliifanya kila asubuhi.
Hatukuiita bustani.
Twaliita kufagia."

Ngowa akacheka, ila nilimwona tulipokuwa tukiondoka:
kachuchumaa, kichwa kando,
anapima kwa kidole upana wa mistari ya bibi,
na kunguru yuko juu ya daraja, anasubiri.

Kwenye tuktuk hakusema neno hadi Daraja la Nyali.
Hapo akanifinya goti.
"Yale mawe matatu."
"Naam?"
"Kombo angeyamaliza kabla ya mbaazi."

Akageuza uso kwenye upepo.
Ndipo nikaliona pindo la buibui lake,
jeupe, jeupe pepe, vumbi la timbo,
na mkono wangu uliokuwa umeshakwenda kulipangusa
nikaurudisha mapajani.